Tukague Somo Kabla ya Kuhesabu Vyombo

Imekuwa ada kwetu, kila itakiwapo habari ya utayari wa shule katika mambo ya TEHAMA, kujibu kwa hesabu ya vyombo: kompyuta kadhaa, vishikwambi kadhaa, projekta moja, na hesabu hiyo ikishajazwa katika jedwali na kupelekwa wilayani, wengi wetu huridhika kuwa kazi imetimia, ilhali swali lenyewe halijaguswa.

Serikali ya Tanzania ilitenda jambo la busara pale vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu badala ya kuachwa vilale maghalani. Lakini chombo kikishafika mkononi mwa mwalimu, huzuka maswali ambayo jedwali halina nafasi yake. Bando la intaneti linalipwa kwa fungu gani? Uniti za umeme wa LUKU zikiisha katikati ya juma, nani atanunua nyingine? Soketi zimo darasani, au zote zimo ofisini kwa mwalimu mkuu? Na kioo kikipasuka, mwalimu atasaidiwa au atadaiwa? Aghalabu mwalimu mwenye khofu ya kudaiwa hukifungia chombo kabatini, wala si insafu kumlaumu, kwa kuwa khofu hiyo tumemtia sisi wenyewe.

Kwamba vyombo peke yake havitoshi, wenzetu wamekwisha kuliona: Peru iliwagawia wanafunzi wake kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu, na utafiti uliotolewa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika haukuona dalili yoyote kwamba maarifa ya watoto katika hisabati na lugha yaliongezeka. Vyombo vilifika, ila namna ya kufundisha ilibaki ile ile, kwani walimu hawakuandaliwa vya kutosha kuvitia katika masomo yao.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba tathmini ianzie kwenye somo. Mdhibiti ubora afikapo shuleni, kabla hajafunguliwa stoo, na aombe andalio la somo la juma lililopita, aseme na mwalimu wa Jiografia au wa Baiolojia, amwulize ni mada ipi aliyoifundisha kwa kishikwambi, wanafunzi walifanya nini kwa mikono yao, na ni kipi kilichomzuia asifanye zaidi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayodhihirisha kama shule yahitaji vyombo vipya, au yahitaji mafunzo ya walimu, soketi za darasani na fungu dogo la matengenezo.

Bodi za shule na kamati za wazazi zinayo haki, tena ni wajibu wao, kutaka majibu hayo yaandikwe na kusomwa hadharani kabla ya kuidhinisha senti moja ya ununuzi mwingine; maana fedha hizo ni amana ya watoto, na amana haitumiwi kwa kukisia.