Karamu ya Idi Isifungiwe Mlango

Kila mwezi wa Ramadhani ukielekea ukingoni, gumzo la barazani huwa moja: karamu ya Idi mwaka huu itafanywa wapi? Zamani swali hili halikuwa na uzito. Nyumba za mawe za Lamu na Mombasa zilijengwa na jawabu lake ndani. Baraza na daka zilikuwa za mgeni yeyote apitaye. Kiwanda cha ndani kilikuwa cha akina mama na watu wa nyumbani. Stara ilipatikana, na mgeni hakufukuzwa.

Leo wengi wetu tunakaa vyumba vya ghorofani, na ukoo wa watu hamsini haupati pa kukunjia miguu. Kwa hivyo simlaumu mtu anayekodi ukumbi wa faragha. Lakini kabla hajatoa arubuni, na aulize mambo manne. Je, hapo huuzwa pombe? Akina mama wana mahali pao? Pana maji ya kutawadhia na nafasi ya kuswali Maghribi? Na la nne, ambalo mimi nalishikilia zaidi: jirani yake maskini ataweza kufika?

Matatu ya mwanzo huulizwa. La nne husahauliwa. Ukumbi wa mbali wataka nauli, wataka kadi, na mlangoni husimama bawabu asiyemjua mtu wa mtaa wenu. Bibi mjane aliyezoea kuletewa sahani yake, na watoto waliozoea kupita nyumba hata nyumba wakipewa mkono wa Idi, hubaki vichochoroni wakitazama magari yakiondoka. Hiyo si Idi yao tena.

Dini yetu imelitia jambo hili maanani. Zaka ya fitri hutolewa kabla ya swala ya Idi, ili maskini asiwe na haja ya kuomba siku hiyo. Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, chakula cha walima wanachoitiwa matajiri na kuachwa maskini kimelaumiwa vikali. Walima ni wa harusi, naam, lakini mwenye busara ataipima na karamu ya Idi kwa pishi hiyo hiyo.

Rai yangu ni hii. Penye uwanja wa madrasa au nafasi mtaani, na pafungwe turubai, patandikwe majamvi, na sehemu ya wanawake ipigwe pazia. Kila nyumba ilete sinia yake. Pasipowezekana, ukumbi uwe wa karibu, unaofikika kwa miguu, na sinia za kwanza ziende kwa majirani kabla mwenye karamu hajavaa kanzu ya kutokea. Mlango ufungwe kwa stara, usifungwe kwa kibri.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mwenye kulisha kwao naye hutuzwa, kwa dua za majirani.