Pompi Haikuwa na Kosa



Wiki hii nilitaka kuandika juu ya daftari za watoto, lakini gari la kikundi chetu limetupa somo lingine. Mnalijua, ile Toyota ya zamani inayopeleka unga na ndizi Mugogo siku ya soko. Kwa miezi miwili lilikuwa linazimika njiani, moteri ikiwa ya moto. Linakaa nusu saa, linapoa, linawaka tena kama vile hakuna kilichotokea.

Fundi wa kwanza aliweka sikio kwenye tanki, akasema pompi ya esanse haisikiki, imekufa. Mama mtunza sanduku akatoa dola 70, na mimi katibu nikaandika. Soko lililofuata gari likazimika tena, pompi mpya ndani. Fundi akaomba dola 400 za moteri nyingine. Hapo maneno yakaanza, na wengine wakamtazama mama wa sanduku kama kwamba yeye ndiye aliyekula. Ndiyo sababu ninaandika.

Fundi wa pili hakufungua kitu. Alisema: niiteni likiwa limezimika. Alipofika akamwambia shofere azungushe ufunguo, yeye akaangalia sindano ya mizunguko kwenye tabulo. Demareri inazungusha moteri, sindano imelala kwenye sifuri. Akasema kompyuta ya gari haioni kwamba moteri inazunguka. (Alituonya pia: magari mengine sindano hailegei hata yakiwa mazima, kwa hiyo hiyo ni dalili tu, lazima kupima.)

Niwaeleze kama darasani. Kwenye moteri kuna gurudumu lenye meno. Karibu nalo kuna kapteri, kipande kidogo kama kidole, chenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa ndani. Kila jino likipita, kapteri inatuma umeme kidogo kwa kompyuta. Katika moteri kadhaa za Toyota gurudumu hilo lina nafasi 36 lakini meno 34. Mawili yameachwa kwa kusudi. Pengo likipita, kompyuta inajua pistoni ziko wapi na saa gani itoe cheche kwenye buji. Kapteri ikinyamaza, cheche hakuna. Tena kompyuta inadhani moteri imesimama, basi inakata na pompi, ili esanse isiendelee kusukumwa kama gari limepata ajali. Pompi yetu ya kwanza ilinyamaza kwa sababu hakuna aliyeiamuru kufanya kazi!

Na joto je? Waya ule ukiwa na ufa, joto linautanua na ufa unafunguka. Ukipoa, unagusana tena. Fundi aliupima kwa kipima umeme: wa moto ulikuwa kama umekatika, ulipopoa ukarudi kwenye kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha moteri hiyo. Akaangalia pia waya unaotoka kwenye kapteri na kichwa chake cha plastiki, maana mara nyingine kapteri ni nzima na waya ndio umeungua. Kama gari lako lina tundu la mashine ya kusoma makosa, alama yake ni P0335, lakini kosa linalokuja na joto tu linaweza kupita bila kuacha alama.

Kapteri dola 20, mkono wa fundi dola 10. Tangu hapo soko nne, halijazimika.

Jambo moja kwa wanaopanda na watoto. Gari likizimika kwenye mteremko, usukani unakuwa mzito, na breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili. Shofere akanyage mara moja, ashikilie, asipige-pige. Na asitoe ufunguo kabla gari halijasimama, usukani utajifunga.

Pompi ya zamani tuliijaribu kwa batri: inafanya kazi. Iko kwenye kabati la kikundi, yeyote anaweza kuja kuisikia. Katika mkutano ujao nitasoma hesabu upya, dola 70 zikiwa kwenye mstari wangu, mimi niliyeandika bila kuuliza nani amepima. Mama wa sanduku aketi mbele.