Kamina tuanze na hesabu ya umeme

Kwetu mjini Kamina wengi tunawasha kwa sola na betri, kwa hiyo hesabu ije kabla ya urembo wa taa. Taa 6 za LED za kuzamisha darini, kila moja wati 7, zikiwaka saa 5 zinakula wati-saa 210. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba kama wati-saa 1,200, lakini usiimalize yote. Nunua taa za volti 12. Za volti 220 zitakudai inveta. Kwenye dari ya tripleksi, toboa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye boksi: tundu likizidi, springi za pembeni hazishiki, taa inaning'inia. Na mafundi, tafadhali, msiunge nyaya darini bila kisanduku. Moto huanzia hapo.