Jina la dumu lisifutike

Mwezi huu tunataka kusema juu ya kitu ambacho kila siku kinaleta maneno pale kwenye pampu, nacho ni madumu. Dumu la njano la lita 20 linafanana na la jirani kama mapacha. Mtu anaandika jina kwa rangi ya mlango, anasubiri likauke vizuri, na baada ya wiki moja rangi inabanduka kama ganda la samaki. Halafu ugomvi: "Hili la kwangu!" "Hapana, la mama yangu!" Kwa familia iliyokimbia Mocímboa da Praia Oktoba 2017, au Agosti 2020 mji ulipotekwa, dumu hilo pengine ndicho chombo pekee kilichotoka nyumbani. Siyo jambo dogo.

Kwa nini rangi haishiki? Siyo kwamba rangi ni mbovu. Tazama chini ya dumu, utaona pembetatu ndogo yenye namba. Madumu mengi yana 2, ndoo nyingi zina 5. Plastiki za namba hizo zina asili kama ya nta. Ubao unanywa rangi, plastiki hii hainywi kitu. Mwagia tone la maji: likikaa mviringo kama shanga bila kutandazika, ujue rangi nayo haitatandazika, na gundi pia, hata ile kali inayonata vidole. Chupa ya maji ya dukani (namba 1) na bomba la PVC (namba 3) ni wapole zaidi.

Viwandani wanalijua tatizo hili. Kabla ya kupiga chapa wanapitisha plastiki kwenye moto wa haraka au cheche za umeme, uso wake ubadilike ukubali wino. Ndiyo maana chapa ya kiwandani inadumu na ya kwetu inabanduka.

Basi sisi tufanyeje? Kwanza, kuosha. Dumu lililokuwa na mafuta ya kupikia lioshwe kwa sabuni mara mbili, likauke kabisa. Halafu likwaruzwe kwa msasa pale unapotaka kuandika. Rangi itakaa zaidi kidogo, lakini tusidanganyane, haitakaa mwaka. Kalamu ya wino usiofutika nayo inashika, ila jua linaila. Andika chini ya mpini penye kivuli, na urudie kila mara.

Plasta ya kunata ukiibandika bapa tu inatoka. Izungushe mpini mzima mpaka ijibandike juu yake yenyewe. Hapo imeshika, maana plasta haikatai plasta! Ndani yake weka karatasi yenye jina kwa penseli. Penseli haichuji kwa maji wala haipauki upesi kama wino.

Lakini tukiulizwa ipi bora, tunasema msumari wa moto. Chora jina kwenye mpini au begani, pale penye unene, juujuu tu, usitoboe. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto wakae mbali, ule moshi siyo wa kuvuta. Na dumu lililowahi kutia petroli usilisogeze karibu na moto hata kama linaonekana tupu. Mvuke wake unalipuka.

Mwenye kuogopa moto achukue kipande cha bati la kopo, atoboe herufi kwa msumari, agonge kingo zisikate mikono, afunge kwa waya kwenye mpini. Herufi za Kiarabu wanazosoma wazee wetu zinatoboleka vizuri tu. Na mtoto aandike mwenyewe. S ikigeuka nyuma, ndiyo kabisa hakuna atakayesema dumu ni lake.

Sasa lililo zito zaidi. Ndoo ya maji yaliyotiwa Certeza na ndoo ya kuogea zikichanganyika, ni tumbo la mtoto litakalolipa, na Cabo Delgado tunakijua kipindupindu. Hapo msitegemee maandishi peke yake, maana wapo bibi na watoto wasiosoma. Fungeni kitambaa chekundu kwenye ndoo ya kuogea, ya kunywa iwe na mfuniko na kikombe chake. Dumu la petroli au dawa ya machamba lisirudi kwenye maji kamwe, hata lioshwe namna gani. Hilo lichorwe msalaba mkubwa wa msumari pande zote mbili kabla halijatiwa kitu, likiwa bado jipya.

Msasa na misumari tunayo darasani. Jumamosi asubuhi njooni na dumu lililooshwa, na mkaa kidogo.