Kompyuta ya Kuhariri Video Ichaguliwe kwa Kuangalia Kamera

Ukiingia dukani Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta kompyuta ya kuhariri picha na video, utatajiwa kwanza jina la prosesa, kisha jina la kadi ya grafiki, halafu bei. Wanunuzi wengi nao hupanga bajeti hivyo hivyo: fedha nyingi kwenye vitu viwili vyenye majina, na masalio kwenye vingine vyote. Naona utaratibu huo umepinduliwa. Mpiga picha wa harusi au mtengenezaji wa matangazo aanze na faili zinazotoka kwenye kamera yake, ajiulize ni hatua ipi ya kazi inayomweka akisubiri, kisha fedha zifuate jibu hilo. Kompyuta yenye uwiano ni ile ambayo kifaa chake cha gharama hakikai bila kazi kikingoja kifaa dhaifu, hata kama bei za vifaa hivyo zinapishana mara tatu.

Msingi wa hoja hii una zaidi ya nusu karne. Mwaka 1967 mhandisi Mmarekani Gene Amdahl, akizungumzia mashine zenye prosesa nyingi, alionyesha kwamba faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi haiwezi kuzidi muda ambao sehemu hiyo ilikuwa ikiutumia. Tuseme kutoa video kamili ya sherehe kunachukua dakika 60, na kadi ya grafiki inahusika na dakika 12 tu kati ya hizo. Kadi yenye kasi maradufu itaokoa dakika 6. Hata ingepatikana kadi inayomaliza sehemu yake papo hapo, dakika 48 zingebaki vilevile, na aliyekopa ili ainunue angeendelea kulipa deni huku akisubiri.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni kufumbua video iliyobanwa. Fremu moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8, mara nne ya ile ya 1080. Ili faili zisijaze kadi ya kumbukumbu, kamera huzibana kwa mfumo wa H.264 wa mwaka 2003 au H.265 wa mwaka 2013. Video ya megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 tu, kiasi ambacho hata diski ya kawaida ya kuzunguka inakimudu. Kwa hiyo video inapokatakata, mara nyingi diski inasingiziwa. Tatizo ni kwamba fremu nyingi hazikuhifadhiwa nzima. Kilichohifadhiwa ni tofauti zake na fremu za jirani. Mhariri akirudi nyuma sekunde mbili, kompyuta hulazimika kuzijenga upya kwa mfululizo. Kazi hiyo ina sakiti zake maalumu, na hapo ndipo jina kubwa linapoweza kukudanganya. Intel huziweka pamoja na grafiki za ndani ya prosesa. Core i5-12400 inazo. I5-12400F, ambayo mara nyingi ni nafuu kidogo, haina. Kamera nyingi za Sony na Canon za miaka ya karibuni hurekodi H.265 ya biti 10 aina ya 4:2:2, na kadi za GeForce hazikuwa na sakiti ya kufumbua aina hiyo mpaka RTX 50 ilipotoka mwaka 2025. Maana yake, kwa faili hizo, grafiki ndogo za ndani ya i5 hufanya kazi ambayo RTX 4090 ya mwaka 2022, kadi ya wati 450, haiwezi kuifanya.

RAM haina mjadala mrefu: kwa 4K ningeweka gigabaiti 32, katika vipande viwili badala ya kimoja ili prosesa ipate njia mbili za kusomea. SSD iwe ya mfumo na kazi inayoendelea. Diski za kuzunguka zibaki za kuhifadhia, na kila kazi iwe na nakala ya pili nje ya kompyuta. Harusi ya mteja haiwezi kupigwa picha upya, hivyo anayenunua kadi kubwa bila diski ya nakala anacheza na amana ya watu. Vivyo hivyo kwa skrini: rangi ya ngozi ya bibi harusi haitakuwa sahihi ikiwa skrini inayotumika kuihariri inabadilika rangi kila ukiinamisha kichwa.

Wapo watakaosema ni heri kununua kikubwa leo kikutoshe miaka mingi. Mfano wa RTX 4090 unajibu hilo: ukubwa haukuilinda dhidi ya aina ya faili ambayo haikuundiwa. Akiba bora ya kesho ni ubao mama wenye nafasi za kuongeza RAM na SSD, pamoja na pawa saplai ya kuaminika. Wengine watasema uwiano ni anasa ya wenye fedha. Kinyume chake, mwenye bajeti ndogo ndiye asiyeweza kumudu kifaa kinacholala. Kwa mfano, kompyuta ya HP Z440 iliyotumika ina nafasi nane za RAM, lakini prosesa zake za Xeon hazina grafiki za ndani. Ukiongeza kadi ndogo kama GTX 1050 Ti, yenye wati 75, itafumbua H.265 ya kawaida ya 4:2:0. Kwa faili nzito zaidi, programu za kuhariri zinaweza kukutengenezea nakala nyepesi za kufanyia kazi. Njia hiyo ni nzuri, ila inadai muda na nafasi ya diski, na mteja anayetaka video kesho asubuhi hakupi muda huo.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na video halisi za kamera yako. Omba zifunguliwe ndani ya programu unayotumia, weka tabaka mbili na marekebisho ya rangi, kisha sogeza mbele na nyuma huku Task Manager ya Windows ikiwa wazi. Kifaa kinachogota asilimia 100 wakati vingine vimetulia ndicho cha kuongezewa fedha. Muuzaji akikataa jaribio hilo, nenda duka la pili.