Si Utukutu: Kuhusu Jina na Malezi ya Mtoto Mwenye Tiki

Kitenzi "tukuta" kina maana mbili zinazoishi nyumba moja. Maana ya kwanza ni ya mwili: kutotulia, kutikisika, kuwa na kiungo kisichokaa mahali pake. Ya pili ni ya tabia, nayo ndiyo iliyozaa nomino "mtukutu", yaani mtoto asiyeambilika. Wasemaji wa Kiswahili huvuka kutoka maana ya kwanza hadi ya pili bila kutua, na aghalabu bila kujua kwamba wamevuka. Kwa watoto wengi jambo hilo halina madhara. Kwa mtoto mwenye tiki, hata hivyo, hatua hiyo fupi ya kileksika humfikisha kwenye fimbo. Makala haya yanashikilia kuwa mtoto wa aina hiyo hawezi kusaidiwa na mzazi wala mwalimu kabla hajavuliwa jina la utukutu, na kwamba uchunguzi wa mambo yanayoichochea hali yake hauwezi hata kuanza ilhali jina hilo lingali limembana.

Tiki ni mwendo au sauti ya ghafla, fupi, inayojirudia bila mpangilio maalumu: kupepesa macho kwa nguvu, kukunja pua, kutupa shingo upande, kupandisha bega, kukohoakohoa bila ya ugonjwa wa kifua, kuguna, kunusanusa. Mtoto hapotezi fahamu. Anajua kwamba imetokea, na wengi hueleza kuwa kabla ya kutokea huhisi msukumo fulani mwilini, mfano wa mwasho. Kilicho karibu zaidi na hali hiyo katika maisha ya kila mtu ni chafya. Mtu aweza kuizuia chafya kwa muda akiwa msibani au katika sala, lakini wakati anapoizuia hawezi kuwaza jambo jingine, na mwishowe hutoka. Hakuna anayechapwa kwa kupiga chafya.

Kwa kawaida tiki huanza mtoto akiwa na umri wa miaka 4 hadi 6, hupamba moto kati ya miaka 10 na 12, kisha kwa wengi hupungua kadiri ujana unavyosonga. Wavulana huathirika zaidi kuliko wasichana. Zikiwapo tiki kadhaa za viungo pamoja na angalau moja ya sauti, na hali ikadumu zaidi ya mwaka mmoja, madaktari huiita ugonjwa wa Tourette, kwa jina la Georges Gilles de la Tourette, daktari Mfaransa aliyeandika habari za wagonjwa wake mwaka 1885. Filamu zimeutangaza ugonjwa huo kama ugonjwa wa kutamka matusi. Ukweli ni kwamba matusi hayo huwapata wachache tu miongoni mwa wenye nao, na ni jambo la kusikitisha kwamba dalili iliyo adimu ndiyo iliyokuwa maarufu.

Makwasinyi ni mojawapo ya vijiji vinavyouzunguka Mlima Kasigau, katika Kaunti ya Taita Taveta. Mlima wenyewe unapita mita 1,600 na una msitu wa mawingu kileleni, lakini chini yake ni nyika kavu inayopakana na makao ya ndovu. Mahindi yanapokaribia kukomaa, ndovu huja usiku, na familia hukesha mashambani wakiwasha mioto na kupiga madebe. Mfano wa kubuniwa unaweza kusaidia hapa. Mvulana wa miaka tisa, wa gredi ya tatu, amekuwa akipepesa macho tangu mwaka uliopita, na watu wa nyumbani wamekwisha kumzoea. Msimu wa ndovu unapofika, anaanza kutupa shingo na kutoa mguno mfupi darasani. Mwalimu anaona dharau. Nyanya anaona kitu kilichomfuata mtoto kutoka shambani usiku. Baba anaona uvivu, kwa sababu siku ambazo hali inazidi ndizo siku ambazo mtoto anasinzia juu ya daftari. Watu watatu wamelitazama jambo lile lile, na kila mmoja amekwisha kulihukumu. Hakuna aliyehesabu saa ambazo mtoto huyo amelala tangu mahindi yaanze kuota ndevu.

Uchovu ni kichochezi kinachojulikana sana cha tiki. Vingine ni hofu, wasiwasi, maradhi ya kawaida kama mafua, na pia furaha iliyopita kiasi, jambo ambalo wazazi huliona geni: mtoto aliyetulia wiki nzima anaweza kuzidiwa siku ya sherehe. Kichochezi si chanzo. Chanzo kiko katika namna ubongo unavyoongoza miendo ya mwili, na urithi wa kifamilia una sehemu kubwa. Ndovu hawakumpa mtoto tiki. Walichofanya ni kumnyima usingizi, na usingizi ni jambo ambalo familia inaweza kulifanyia kitu. Pengine mtoto huyo asiwe katika zamu ya kulinda, au alale kwa shangazi aliye mbali na shamba hadi mavuno yaishe. Ushauri wa namna hii haupatikani katika vitabu vilivyoandikwa London au Chicago.

Kwamba jina huongoza mguu wa mgonjwa ni jambo lililokwisha kuthibitika katika Kiswahili. Tafiti zilizofanywa Bagamoyo, Tanzania, katika miaka ya 1990 zilionyesha jinsi neno "degedege" lilivyowaelekeza wazazi. Neno hilo limefungamana na imani ya mdudu au ndege anayempitia mtoto, na kwa kuwa jina lilikuwa la ndege, tiba ilitafutwa kwanza kwa mganga, ilhali nyingi ya degedege hizo zilikuwa malaria kali iliyohitaji hospitali mara moja. Tiki haiui kama malaria. Lakini mantiki ni ile ile. Aitwaye mwenye mapepo hupelekwa kuombewa, aitwaye mwenye kifafa hunyweshwa dawa zisizomhusu, na aitwaye mtukutu huchapwa.

Hapa Wataita wana hazina ambayo wanafunzi wa fasihi simulizi na utamaduni hawajaitumia ipasavyo. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1957 makala kuhusu "saka", hali iliyowapata hasa wanawake walioolewa: mwili wa juu ukitikisika, kichwa kikienda huku na huku, pengine hata fahamu zikipotea. Saka si tiki, na kuzichanganya kungekuwa kosa la kitaalamu. Ile iliwapata watu wazima, ilikuwa na ngoma yake, na ilibeba maana za kijamii kuhusu mali, matamanio na nafasi ya mwanamke. Linalovutia ni jicho la jamii. Watu walijua kwamba fulani hushikwa anapoona au kusikia kitu cha ugeni kama gari, kiberiti au sigara. Yaani walitazama kilichotangulia. Waliuliza mwili huu umekutana na nini kabla haujatikisika, na hawakuanza kwa kuuliza mwenye mwili huu ana adabu gani. Swali hilo la kwanza ndilo ambalo mtoto wa gredi ya tatu hajaulizwa na mtu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa saka ni kielelezo cha kuigwa kwa ukamilifu. Mwanamke aliyeshikwa aliweza kupewa alichotamani. Kwa mtoto mwenye tiki, wataalamu wa tabia wamegundua kwamba kinachofuata baada ya tiki kina uzito kama kinachotangulia. Akiguna akaondolewa hesabu, au akitupa shingo ukoo mzima ukamgeukia kwa maneno ya huruma, tiki inaweza kuongezeka, si kwa sababu mtoto ni mwongo, bali kwa sababu ubongo hujifunza bila idhini ya mwenyewe. Kwa hiyo huruma nayo ina namna yake. Mama amwachie mtoto hesabu zake, ampe muda zaidi, na azungumze naye kana kwamba shingo haikwenda popote.

Kuhusu kuvitambua vichochezi, daftari la kawaida latosha. Kwa wiki mbili au tatu mzazi aandike saa, mahali, waliokuwapo, alivyolala mtoto, na lililotokea kabla na baada. Aandike mtoto asipomwona. Sharti hili ndilo gumu kuliko yote, kwa maana kutajiwa tiki na kukodolewa macho ni vichochezi vyenyewe. Mzazi anayehesabu kwa sauti hupima joto la maji kwa kuongeza kuni. Mtoto mwenye umri wa kutosha anaweza kushirikishwa kwa faragha, naye mara nyingi ndiye anayejua zaidi: kwamba ni kola ya sare inayomwasha shingoni, kwamba ni kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, kwamba ni kipindi fulani na si kingine. Wazazi wengi husimulia pia kwamba mtoto huwa mtulivu shuleni kisha huzidiwa afikapo nyumbani jioni. Hilo si ushahidi kwamba anaigiza. Amejizuia mchana kutwa mbele ya wageni, na nyumbani ndipo mahali pake pa kutua mzigo.

Shuleni mambo yangepaswa kuwa mepesi, kwa kuwa sheria ipo. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 kinakataza adhabu ya viboko pamoja na mateso ya kiakili kwa mwanafunzi. Lakini sheria humlinda aliyetambuliwa kuwa anaonewa, na mtoto aliyekwisha kuitwa mtukutu huonekana kuwa amejitakia. Mwalimu hahitaji vifaa. Kiti cha pembeni badala ya cha mbele, ruhusa ya kutoka nje dakika mbili bila kueleza sababu, na neno moja kwa darasa siku ambayo mhusika hayupo, vyatosha kubadili mwaka mzima wa masomo. Wavulana wanaopenda kandanda wanaweza kuelezwa habari za Tim Howard, kipa Mmarekani aliyeidakia Manchester United kisha Everton, ambaye ana ugonjwa wa Tourette na hajauficha. Katika Kombe la Dunia la 2014, dhidi ya Ubelgiji, alizuia mikwaju isiyopungua 15.

Kuna wakati wa kwenda hospitalini bila kungoja daftari lijae. Mtoto akipoteza fahamu, akianguka, au akikodoa macho asisikie anapoitwa, huenda hiyo si tiki, na uchunguzi wa kifafa unafaa. Miendo ikiwa ya kujinyonganyonga isiyokoma, mtoto akadondosha vikombe na mwandiko ukaharibika ghafla, ni lazima daktari aelezwe, hasa ikiwa alipata maumivu ya koo wiki au miezi michache nyuma, kwani homa ya rumatiki inayoharibu vali za moyo inaweza kujitokeza kwa namna hiyo. Macho yanayopepeswa yakaguliwe pia. Kasigau ina vumbi, na si kila kupepesa ni tiki. Ama kwa tiki zenyewe, nyingi hazihitaji dawa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani unatanguliza tiba ya tabia, ambayo ndani yake mtoto hufundishwa kuutambua ule msukumo mapema na kuujibu kwa mwendo usioweza kwenda pamoja na tiki, kwa mfano kuvuta pumzi polepole kwa pua anapohisi mguno unakuja. Wanaoifundisha tiba hiyo nchini ni wachache na wengi wako mijini. Mtoto wa Makwasinyi, kwa hiyo, atategemea sana busara ya mama yake na mwalimu wake.

Linabaki suala la istilahi, ambalo ni la wasomaji wa jarida hili kuliko la madaktari. Kiswahili hakina neno lililokubalika kwa hali hii. Wapo watakaopendekeza "mtukutiko", na kwa sarufi pendekezo hilo ni safi. Kwa mtoto ni balaa, kwa kuwa linamrudisha katika nyumba ile ile aliyotolewa. Wapo watakaotaka kutumia kitenzi "cheza", kwa vile watu husema jicho linacheza au mshipa unacheza. Nacho kina mwiba wake: mwalimu atasema "acha mchezo" na atakuwa amesema Kiswahili sanifu. Aidha, jicho linalocheza limekwisha kupewa kazi nyingine na jamii, ile ya kutabiri machozi au mgeni. Neno la mkopo "tiki" lina kasoro ya kufanana na alama ambayo mwalimu huiweka kwenye jibu sahihi, na wapenda usafi wa lugha hawatakosa la kusema. Lakini halimshitaki mtu. Ndiyo sababu limetumika hapa tangu mwanzo.

Hata hivyo huenda neno bora liko tayari, katika Kidawida, Kisaghala au Kikasigau, na halijasikika vyuoni kwa kuwa hakuna aliyeliuliza. Istilahi nyingi za Kiswahili zimechotwa katika Kiarabu na Kiingereza kabla ya kutafutwa katika lugha jirani za Kibantu, na kasoro hiyo ya zamani inaweza kurekebishwa kwa jambo dogo kama hili. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kupanda matatu Voi, akashuka Maungu, akaifuata barabara ya udongo hadi Kasigau, na kuwauliza kina mama wa Makwasinyi, kwa lugha yao, jicho la mtoto lisilotulia huitwaje wakati hakuna anayemkasirikia.