Maghorofa na undugunaizesheni ni ugonjwa mmoja

Natoa maoni yangu juu ya jambo linalowakera wafanyakazi wengi, hasa sisi tunaofanya kazi mbali na makao makuu. Huku Kibondo na Kasulu wafanyakazi wakikutana siku ya mshahara au kwenye semina, mazungumzo hayakawii kuangukia mambo mawili. La kwanza ni majengo ya fahari yanayojengwa na mashirika na vyama kwa fedha za makato yetu. La pili ni uongozi wa kindugu, ule ambao wananchi waliupa jina la undugunaizesheni. Watu huyazungumza kama malalamiko mawili mbalimbali. Mimi naona ni ugonjwa mmoja, na dawa yake ni moja.

Kwanza nieleze fedha zenyewe zinatoka wapi. Mtumishi aliye katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF) hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri humchangia asilimia 15. Kwa hiyo kwa kila shilingi 100,000 za mshahara, shilingi 20,000 huwekwa akiba kwa ajili ya uzee wake. Mwalimu wa Kakonko hukatwa kwa kiwango kile kile anachokatwa mkurugenzi aliyeko Dodoma. Katika kukatwa sote tu sawa. Lakini unapofika wakati wa kuamua fedha hizo zifanyiwe nini, ndipo sisi wa mbali tunaposahauliwa.

Sisemi kwamba mifuko isijenge. Fedha ikilala haizai, na sheria inairuhusu mifuko kuwekeza. Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa meta 680, lilijengwa kwa ubia wa NSSF na Serikali na likafunguliwa Aprili 2016. Wananchi wanalipita kila siku. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kilijengwa kwa sehemu kubwa kwa mikopo ya mifuko ya pensheni, na vijana wengi wa Kigoma wamesoma pale. Kazi hizo zinaonekana na faida yake inaonekana.

Lakini huko huko Kigamboni uko mradi wa Dege, uliopangwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000 kwa ubia wa NSSF na kampuni binafsi. Ulisimama mwaka 2016 nyumba zikiwa hazijakamilika, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alihoji thamani iliyowekwa kwenye ardhi ya mradi huo. Nao mfuko wa PSPF, ambao walimu wengi tulikuwa tukichangia kabla ya mwaka 2018, ulisimamisha minara miwili katikati ya jiji la Dar es Salaam yenye ghorofa zaidi ya 30. Minara ikiwa inang'aa, wastaafu wa mfuko huo walikuwa wakilalamika kucheleweshewa mafao yao.

Nitende haki hapa. Majengo peke yake siyo yaliyoutia mfuko huo katika taabu. Mzigo mkubwa ulikuwa deni la Serikali kwa ajili ya watumishi walioajiriwa kabla ya mwaka 1999, ambao walilipwa pensheni ingawa miaka yao ya nyuma haikuwa na michango. Deni hilo Serikali iliamua kulilipa kwa hati fungani ya shilingi trilioni 2.17 katika mwaka wa fedha 2021/22. Hilo tunalishukuru. Hata hivyo, ikiwa mfuko unajua una mzigo wa namna hiyo kichwani, je, ndio wakati wa kushindana kwa urefu wa maghorofa?

Sasa tutazame nani aliyepunguziwa. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF. Mwishoni mwa mwaka huo ilizuka kelele juu ya kikokotoo, na Rais Magufuli akakisimamisha tarehe 28 Desemba 2018. Julai 2022 kikaja kikokotoo kipya, na Juni 2024 Serikali ikatangaza kukirekebisha. Nifanye hesabu kama ninavyoifanya ubaoni. Chukua mtumishi aliyefanya kazi miaka 30 na mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF angepata mkupuo wa shilingi milioni 62, na pensheni ya kama shilingi 333,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya mwaka 2022, yenye mkupuo wa asilimia 33, angepata kama milioni 30.7, na pensheni ya kama 415,000. Kwa asilimia 40 ya mwaka 2024 anapata kama milioni 37.2, na pensheni ya kama 372,000. Pensheni ya mwezi imepanda kidogo, ni kweli. Lakini mkupuo ndio ambao mwalimu wa kijijini hujengea nyumba yake ya bati, maana miaka yote 30 amekaa katika nyumba ya shule au ya kupanga. Minara ya Dar es Salaam haikupunguzwa hata ghorofa moja. Nyumba ya mstaafu ndiyo iliyopunguzwa vyumba.

Nije kwenye undugu. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1966 Tume Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, na miongoni mwa maovu iliyoyakuta ni viongozi kuajiri jamaa zao wasio na ujuzi na kuchezea mali ya wakulima. Miaka kumi baadaye, 1976, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na sheria ya kuvirudisha ikatungwa mwaka 1982. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoweka miiko ya viongozi, halikumtazama kiongozi peke yake, bali lilimhesabu pamoja na mkewe au mumewe. Waliotunga miiko ile walijua kwamba mkono wa kiongozi unaweza kupita katika mkono wa jamaa yake. Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atamke mali yake, ya mwenzi wake na ya watoto wake wadogo. Lakini shemeji, mpwa na binamu hawamo katika tamko hilo. Na ukitazama vizuri, hao ndio wanaopewa tenda.

Mambo haya mawili yamewahi kukutana waziwazi. Mwaka 2009 kesi ya ujenzi wa minara miwili ya Benki Kuu ilifikishwa katika Mahakama ya Kisutu, na Mei 2010 aliyekuwa mkurugenzi wa utumishi na utawala wa benki hiyo akahukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kutumia vibaya madaraka katika mradi huo. Shtaka la kuitia Serikali hasara halikuthibitika. Katika miaka hiyo hiyo yalipamba moto malalamiko ya hadharani kwamba watoto na jamaa za wakubwa wamepewa ajira katika benki hiyo kwa kujuana. Palipotajwa maghorofa, ndipo palipotajwa na undugu.

Kwa nini iwe hivyo? Mimi najibu hivi. Gawio la mwanachama halina tenda. Mkopo wa mwalimu anayesomesha mtoto hauna tenda. Pensheni inayolipwa kwa wakati haina tenda. Lakini jengo lina tenda ya mchoro, ya mchanga, ya kokoto, ya saruji, ya mabati, ya marumaru, ya ulinzi na ya usafi, na juu ya yote lina jiwe la msingi ambalo huandikwa jina la mkubwa. Kila tenda ina mlango wa kumwingizia jamaa. Na huyo jamaa akishaingia, naye huwa mlinzi wa jengo, maana hawezi kuuliza kwa nini limezidi gharama. Jengo linalisha undugu, na undugu unalifichia jengo hesabu zake.

Hata katika vyama vidogo hali ni hiyo hiyo. Mimi ni mwanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo cha wafanyakazi huku nyanda za juu, ambacho sitakitaja jina. Chama hicho kiliamua kujenga ofisi ya kisasa yenye ukumbi, wakati wanachama wanasubiri mkopo wa ada miezi minne. Mwenyekiti ni mtu na shemeji yake mhasibu, na aliyepewa kazi ya kufyatua tofali ni mtoto wa kaka yake mwenyekiti. Tulipouliza bei ya tofali moja tuliambiwa kwamba tunapinga maendeleo. Msingi umechimbwa, kuta zimefika usawa wa madirisha, fedha zimekwisha, na sasa nyasi zinaota ndani ya ukumbi. Wanachama wanaendelea kukatwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tunalo, ila limefungiwa nyumbani kwa mtu na shemeji yake.

Najua wako watakaonijibu kwamba mtoto wa kiongozi naye ni Mtanzania na anastahili kazi. Nakubali. Huku kwetu Buha ukifuatilia nasaba sana utakuta nusu ya kijiji ni ndugu, na ukisema ndugu wote wafukuzwe hutabaki na mtu wa kupiga kengele. Sisemi jamaa asiajiriwe. Nasema aajiriwe na watu wasiokuwa jamaa zake, kwa sifa zinazosomeka ubaoni, na asikaguliwe na mjomba wake.

Wengine watasema mwalimu wa kijijini hajui mambo ya uwekezaji. Hilo nalikataa. Mwalimu huyo huyo ndiye anayewafundisha watoto wa taifa hili faida na hasara. Akiambiwa jengo limegharimu kiasi gani, wapangaji ni wangapi, kodi ya mwaka ni kiasi gani na fedha itarudi baada ya miaka mingapi, atapata jibu kabla kengele ya mapumziko haijalia. Tatizo hajapewa tarakimu hizo.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne kwa wahusika. Kwanza, kabla mfuko au chama chochote cha wafanyakazi hakijachimba msingi, muhtasari wa mradi ubandikwe katika ofisi ya kila wilaya, kwa Kiswahili, ukionyesha gharama, wapangaji wanaotarajiwa na mwaka ambao fedha itakuwa imerudi. Pili, kila mwaka hesabu za majengo yaliyokwisha kujengwa zibandikwe pale pale, ili tujue lipi linaleta kitu na lipi ni pambo la mji. Tatu, kila mjumbe wa bodi au kamati atamke kwa maandishi jamaa zake walioajiriwa au waliopewa tenda, wakiwamo mashemeji na wapwa, na atoke nje ya kikao yanapojadiliwa mambo yao. Nne, mabaraza ya wafanyakazi, yaliyoanzishwa katika mashirika ya umma kwa Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970, yapewe nguvu ya kweli ya kuhoji miradi ya ujenzi. Yasiitwe tu kupitisha yaliyokwisha kuamuliwa, na mjumbe anayeuliza swali asihamishwe kituo kwa sababu ya swali lake.

Kwa wanachama wenzangu wa vyama vidogo nasema tusingoje Dodoma. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imeupa mkutano mkuu wa wanachama madaraka ya juu katika chama. Mkutano ukiitwa tuhudhurie, tusiache viti vijazwe na jamaa za mwenyekiti halafu tuje kulalamika njiani. Tuombe taarifa ya mkaguzi isomwe yote, tarakimu kwa tarakimu. Asiyeweza kuisoma ajiuzulu ampishe anayeweza.

Ndugu Mhariri, mfanyakazi hachukii jengo zuri. Anachokichukia ni kuambiwa kwamba jengo ni lake, na akifika mlangoni kufuatilia mafao yake anaulizwa na mlinzi, "Wewe ni nani, na umekuja kumwona nani?" Wakubwa wa mashirika na vyama watujibu kupitia gazeti hili hili, kwa tarakimu: majengo haya yameturudishia kiasi gani, na nani kwao alilipwa kuyajenga?



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kibondo, Kigoma.